Kisanduku cha Saba

Niliogopa. Naliweka hilo mbele kabisa, nisije nikajipamba baadaye, maana najijua: nikiachiwa kurasa mbili tatu nitaanza kujitafutia sababu nzuri. Jina langu ni Kazija. Kazi yangu, katika Jumba hili lisilo na madirisha, ni kuutunza Ubao.

Ubao ni kioo kilichoujaza ukuta mzima wa ukumbi wa juu, ule wanamokaa Wakubwa. Wakubwa hawaendi popote. Uwanda wa chumvi ni mpana mno, vituo viko kumi na viwili, na kile cha mbali kabisa, Kituo cha Saba, ni mwendo wa siku mbili kwa gari. Kwa hiyo badala ya wao kwenda uwandani, uwanda huletwa kwao. Kila kituo kina kisanduku chake ukutani. Kila asubuhi karani wa kituo hupiga redio na kutaja hesabu zake: watu wangapi wameamka, maji kiasi gani yamo tangini, magunia mangapi ya chumvi yameshonwa. Mfumo huzichukua hesabu hizo, huzipima, kisha hukipaka kisanduku rangi. Kijani, kituo kizima. Manjano, kituo kinayumba. Nyekundu, kituo kina shida. Halafu chini kabisa Ubao huandika pendekezo, mstari mmoja tu, na Mkuu wao hugusa neno Kubali. Basi. Hiyo ndiyo serikali yote ya ulimwengu wetu.

Nimewatumikia Wakuu watatu, au watano, sina hakika. Hukalia kiti kile kile, na mwezi mmoja haupiti sauti zao zinakuwa moja. Huyu wa sasa alikuja akiwa mrefu, naapa alikuwa mrefu, lakini siku hizi namwona ana kimo cha yule aliyemtangulia, na hata kikohozi chake amekirithi. Ubao unayakumbuka maamuzi yao wote. Unampendekezea huyu kile ambacho wale wangekitaka, naye hutikisa kichwa polepole, akifurahi kwamba wazo lake limeandikwa kabla hajalisema. Nimewahi kukaa nyuma ya ukumbi nikajiuliza nani hapa anaamua. Mkuu anaamua kwa sababu Ubao umesema. Ubao umesema kwa sababu Wakuu waliamua. Ukizunguka hivyo mara tatu unashikwa na kizunguzungu, unakwenda kunywa chai.

Ipo desturi ukumbini ambayo mgeni hufundishwa siku ya kwanza. Kilicho kijani hakizungumzwi. Wakubwa wana muda mchache, na muda huo ni wa manjano na nyekundu. Mtu akitaja kituo cha kijani kikaoni, hutazamwa kama mtu aliyetaja tumbo lake la kuhara mbele ya wakwe. Ndiyo maana makarani hukazana vituo vyao viwe kijani. Si kwa sababu kijani ni sifa. Ni kwa sababu kijani ni kuachwa.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Ni dogo, mtu anaweza kulipita asilione.

Zamani, wakati wa Mkuu mmoja wa wale, upepo uliangusha mlingoti wa redio kituo fulani, na asubuhi kisanduku chake kikatokea kitupu. Hakikuwa chekundu. Kilikuwa kitupu, hakina rangi wala hesabu, ukuta mtupu unakutazama. Mkuu yule alikuwa ameshazoea nyekundu, nyekundu aliiweza. Lakini kisanduku kitupu kilimwondoa kitini. Alisimama nje ya ukumbi akitokwa jasho, akasema ameona shimo, na kwamba hatarudi ndani mpaka lizibwe. Nikaitwa mimi. Nikaagizwa kwamba kisanduku kitupu kisionekane tena milele katika Jumba hili.

Nikauambia mfumo hivi: kituo kikinyamaza, rudia hesabu za jana. Maagizo ya mistari mitatu, niliyaandika nikiwa na kikombe mkononi. Nilipewa cheti. Na kwa kweli niliona nimefanya jambo la busara, kwa kuwa upepo huvuma siku moja, kesho yake kituo husema tena, nani ataumia kwa jana moja ya kuazima? Sikujiuliza ikiwa kesho kituo hakitasema. Ningejiuliza vipi? Mimi ni mtu wa ukumbi, kwangu kila kitu kina kesho.

Karani wa Kituo cha Saba ni mdogo wangu, Vuai. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka sita, mimi nikamlea, nikamfundisha kuhesabu kwa maharage juu ya mkeka. Kazi nilimwombea mimi. Kila asubuhi alitaja hesabu zake redioni kwa sauti ya kazini, kavu, kisha kabla hajafunga aliuliza kwa sauti yake mwenyewe: dada, umekula? Siku ya mwisho aliuliza hivyo hivyo. Lakini kabla ya hapo alisema mtambo wa kuchuja maji unakohoa, maji yanatoka na uchungu, na fundi ataufungua mchana. Injini ya mtambo ndiyo hiyo hiyo inayoipa redio umeme. Watu walioamka walikuwa ishirini na tisa. Akasema kesho atanipa hesabu kamili.

Kesho yake sikuisikia sauti yake, nikadhani ni upepo tena, na Ubao ukasema ishirini na tisa. Kesho yake ishirini na tisa.

Siku ya tisa ndipo nilipoona. Hesabu ya watu walio hai haitulii. Mmoja kaenda likizo, mmoja kalala na homa, mwingine kamleta mkewe, hesabu hucheza kidogo kila siku, juu, chini. Hii ilikuwa imesimama. Nilishuka chumba cha redio, nikaita Saba, Saba, Saba, nikasikia mchakacho tu. Nikarudi nikautazama Ubao, na Saba kilikuwa kijani, kijani kuliko vyote, kimetulia kwa raha zake.

Ningesema siku hiyo ya tisa. Nilipanda ngazi ili niseme. Nilisimama mlangoni na maneno yote nimeyapanga, nikaona visanduku viwili vya manjano vinazungumzwa, nikakumbuka desturi, nikakumbuka pia kwamba ile mistari mitatu ni yangu. Nikasema moyoni, acha, kesho. Siku ya kumi ningesema, lakini sasa wangeniuliza kwa nini sikusema jana. Siku ya kumi na moja wangeniuliza kuhusu siku mbili. Nilikuwa nimejifungia katika chumba ambacho kila asubuhi kinaongezwa mlango mwingine, na milango yote nimeifunga mimi. Usiku sikulala. Mchana nilitembea nikiwaitikia watu salamu zao.

Na Wakubwa wakakipenda Saba! Hilo ndilo lililokaribia kunitia wazimu. Bwana Njia, mkurugenzi wa magari na barabara, mtu mnene mchangamfu, aliivunja desturi kwa mara ya kwanza akakisifu kituo cha kijani. Alisema hapo ndipo pa kujifunza, hapana kupanda wala kushuka, hapana kelele, siku thelathini hawajaomba hata msumari. Wakapiga makofi. Wakaagiza vituo vingine viige utulivu wa Saba. Mimi niliyeketi nyuma nilipiga makofi pia. Yalitoka yenyewe.

Najiuliza, ni nini kuwapo? Vuai akiwa amelala chini ya bati uwandani na midomo imepasuka, na Vuai huyu wa ukutani anayeamka kila siku saa kumi na mbili, yupi ndiye anayehesabika? Wa uwandani hakuna amjuaye. Wa ukutani anapigiwa makofi. Anayenyamaza yupo? Aliyesemewa yupo? Na mimi? Mimi nasemewa na nani?

Nauliza hivyo kwa sababu ya jambo lililotokea siku ya thelathini na tatu. Siku hiyo sikwenda kazini. Nililala kitandani nimejifunika gubigubi mpaka jioni. Kesho yake nikamfuata Bi Watu, mkurugenzi wa wafanyakazi, mwanamke mpole mwenye mtandio wa hariri, nikamwomba radhi kwa kutokuja. Akanishangaa. Akanionyesha orodha: niliingia saa moja na nusu, nikatoka saa kumi, kama juzi yake. Nikamwambia hapana, nilikuwa nyumbani. Akacheka kidogo, akaniambia hata kikaoni nilichangia.

Nikamuuliza nilisema nini.

"Ulichosema siku zote, Bi Kazija," akanijibu.

Tangu hapo sikuwa na hakika na siku. Nilikuwa nashika kikombe cha chai nikikiona kina joto lile lile la jana, nakutana na mtu ngazini tunaulizana hali kwa maneno yale yale, na kuna mara niliiona nguo yangu ikikata kona mbele yangu kwenye ujia, nikaharakisha, nikakuta ujia mtupu. Labda nilikuwa sijalala vya kutosha. Labda ile mistari mitatu haikuwa imeandikiwa vituo peke yake. Sikwenda kuitazama.

Siku ya arobaini ndiyo siku ya gari la maji, kwa kuwa safari iliyopita lilikuwa limelijaza tangi na kuondoka Saba asubuhi ile ile ya redio ya mwisho. Kwa utaratibu wa Jumba, kila baada ya siku arobaini gari moja hupeleka mapipa ya maji Kituo cha Saba, kwa sababu tangi la akiba huko hutosha siku arobaini, na watu wakijibana sana, arobaini na tano. Dereva wake ni Mzee Ngwali, aliyeijua njia hiyo kabla vituo havijapewa namba. Asubuhi nilimkuta uani ameshapakia, anakaza kamba.

"Haya mwanangu," akasema, "lete mzigo wa Vuai niuweke mbele."

Kila safari nilimpa mzigo. Sabuni, kashata, fulana, soksi za baridi ya uwandani. Safari hii nilisimama mbele yake mikono mitupu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba wiki nzima nilipita dukani kila siku na sikununua kitu. Akili yangu haikuwa imesema lolote. Mikono ilishaamua. Nikakumbuka pia kwetu arobaini ni siku ya nini, kisomo cha nani husomwa siku hiyo. Nilimwambia Mzee Ngwali anisubiri, asiondoke kwanza, nikapanda ngazi mbili mbili kwa umri wangu huu. Walikuwa wazima. Nilijiambia hivyo kila ngazi. Wana tangi, wamejibana, wanayo maji ya siku tano, gari likiondoka sasa litafika siku ya arobaini na mbili. Ishirini na tisa. Wazima.

Ukumbini kikao kilikuwa kimeanza. Kituo cha Tatu kilikuwa manjano, maji yamepungua. Chini ya Ubao pendekezo lilikuwa limeshaandikwa: Gari la maji la Saba liende Tatu. Saba hakijapungukiwa.

Lilikuwa pendekezo zuri. Nataka hilo lieleweke. Mtu yeyote mwenye akili, akiwa na hesabu zile, angependekeza vile vile. Kidole cha Mkuu kilikuwa kinanyooka.

"Mkuu, samahani," nikasema. "Naomba tukizungumze Saba."

Bwana Njia akageuza shingo yote.

"Saba ni kijani, Bi Kazija," Mkuu akasema.

"Si kijani, Mkuu. Ni jana."

Nikawaeleza. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma, nikiruka, lakini nilieleza yote: kisanduku kitupu cha zamani, mistari mitatu, redio, injini. Siku tu sikuzitaja. Niliposema Saba kimenyamaza sikusema tangu lini. Bwana Njia alicheka, akauliza kituo kilichokufa kinawezaje kuwa cha kwanza kwa utulivu. Mkuu hakucheka. Alikigusa kisanduku kikafunguka, akagusa ndani yake kikafunguka tena, idara, zamu, majina, akateremka hadi chini ambako hakuna Mkuu aliyewahi kufika, na pale kwa herufi ndogo ukutani pakatokea: Karani, Vuai. Ameamka. Amekunywa maji.

Watu wakashusha pumzi. Bi Watu akaniambia kwa upole, huyu hapa ndugu yako, mama, tulia. Na nitaungama jambo la aibu. Nilitulia. Kwa muda mfupi nilimwamini yule wa ukutani, nikaona haya kwa kuwasumbua watu. Kisha nikakumbuka kwamba neno hilo, amekunywa maji, ni la jana, linarudiwa na mistari yangu mitatu.

Nikaenda kwenye meza ya mfumo nikaiondoa ile mistari mitatu kwenye Kituo cha Saba.

Rangi ya kisanduku ikatoweka. Pale palipokuwa kijani pakawa ukuta. Hakuna aliyekuwa amewahi kukiona kitu kile isipokuwa mimi, na hofu iliyowapata niliiona ikipita kiti kwa kiti. Bi Watu alijifunika macho kwa upindo wa mtandio. Bwana Njia alikuwa anahesabu visanduku kwa kidole, kumi na kimoja, anaanza tena, kumi na kimoja. Nikafahamu kwamba hawakuogopa Saba. Hawakuwa wanawafikiria watu wa Saba hata kidogo. Walikuwa wanavitazama vile kumi na kimoja vilivyobaki, na kila mmoja anajiuliza kimya kimya kipi kati ya hivyo ni cha leo.

Ubao ukaandika: Saba hakijulikani. Gari liende likaone.

Nilishinda. Kwa muda wa kumeza mate nilikuwa nimeshinda. Ilibaki kugusa Kubali.

Mkuu alikuwa amegeuza kiti, anatazama mlango. Alizungumza bila hasira, karibu kwa huruma, na sauti ikiwa ile ya wote.

"Siwezi kukaa siku nne na kitu kile ukutani," akasema. "Lakini wewe ni dada yake. Nakuachia wewe. Ukiacha tupu, gari linakwenda Saba sasa hivi, na litarudi na jibu. Utalipokea hapa, mbele yetu. Na tutakuuliza ulijua tangu lini. Ukijaza, linakwenda Tatu, na hatutakuuliza kitu."

Tangu lini.

Nisikilizwe vizuri hapa, kwa sababu watu hudhani woga ni kukimbia. Mimi nilisimama wima. Niliyaona yote kwa uwazi. Nililiona gari likirudi na Mzee Ngwali akishuka, na uso wake. Nikiacha tupu, kuna Vuai wawili: mmoja aliye hai anakaribia kukata tamaa anasikia muungurumo wa gari, na mmoja aliyekufa siku ya ishirini, ya kumi na tano, ya kumi, siku yoyote baada ya ile ya tisa niliyosimama mlangoni nikasema kesho. Gari likifika atabaki mmoja, nami nitaambiwa ni yupi. Nikijaza, hapana wa kuniambia. Ataamka kesho saa kumi na mbili. Atakunywa maji. Nani atamuua? Hakuna, mradi hakuna atakayekwenda kutazama. Na wale ishirini na wanane wengine, ambao kila mmoja ana dada mahali fulani, niliwafikiria pia, naapa niliwafikiria, lakini walikuwa mbali na kile kiti kilikuwa karibu, na macho yalikuwa yananitazama, na lile swali lilikuwa la maneno mawili tu. Ukijibu kweli, unasema umemuua mtoto uliyemlea. Ukijibu uongo, Mzee Ngwali yupo, anajua nilikuja mikono mitupu.

Nilidhani najipa dakika moja ya kufikiri. Nilipotazama chini vidole vyangu vilikuwa vimeshaandika mbili na tisa.

Kijani kikarudi. Ukumbi mzima ulipumua. Mtu alimimina chai. Bi Watu alikuja akanishika bega, akaniambia nimefanya vizuri, na Mkuu akageuza kiti chake, akagusa Kubali, akauliza kuhusu kisanduku kingine cha manjano. Walipoona bado nimesimama, Bwana Njia aliniomba, kwa adabu zote, nishuke nikamwarifu dereva.

Niliteremka polepole. Ngazi ni nyingi, na kwenye kila sakafu palikuwa na mlango wa kurudi juu. Ningeweza. Mpaka ngazi ya mwisho ningeweza. Sikuwa nimefungwa kamba na mtu.

Mzee Ngwali alikuwa ameshapanda, injini inaunguruma. Nikamwambia safari imebadilika, maji yanakwenda Tatu. Akainama dirishani, mkono juu ya usukani.

"Saba wanayo maji?"

"Wanayo."

"Umezungumza nao?"

Nikasema nimezungumza nao.

Uso wake ukakunjuka. Alisema alikuwa na wasiwasi bure, alipoona sina mzigo alidhani kuna neno baya, wazee huwaza mabaya haraka. Kisha akauliza kama anavyouliza mtu yeyote, kwa desturi tu, huku akiangalia kioo cha pembeni.

"Na Vuai hajambo?"

"Hajambo," nikamwambia.

Akamshukuru Mungu, akatia gia, nami nikaenda kumfungulia lango.